Bakuli la viputo la shangazi, na nani hasa alilitengeneza

Hili bakuli nimekaa nalo mwaka wa nne sasa. Kila anayeingia ndani analiona kabla hajakaa, maana ni zito, la kijani, na ndani ya kioo chenyewe kuna viputo vya hewa vimejipanga mistari mistari utadhani mtu alikaa akavihesabu. Lilikuwa la shangazi. Yeye alipewa zawadi na rafiki yake miaka mingi sana kabla mimi sijazaliwa, na nilipokuwa mdogo alikuwa ananiita, "Njoo mwanangu, liangalie na jua la asubuhi," ananiinulia dirishani na mwanga unapita kwenye vile viputo unatua mezani vidoti vidoti vya kijani. Shangazi alifariki bila kujua limetoka wapi. Mimi nikajiwekea kwamba lazima nijue, si kwa ajili ya kuliuza, ni kwa sababu kuna mtu alisimama mbele ya tanuru akalipuliza kwa pumzi yake na mimi nataka kujua alikuwa anafanyia kazi wapi.

Sasa nilipoanza kuuliza nilifanya kosa ambalo naona wengi bado wanalifanya. Nilipiga picha moja kutoka juu, nzuri, yenye mwanga, nikaituma. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale akanijibu ndani ya dakika chache kwamba ni kazi ya Venini, kiwanda cha kioo cha Italia, hana shaka. Nikaamini, yaani miezi kama minane hivi nilikuwa nawaambia watu nina Venini nyumbani. Halafu mtu mwingine akaniambia hapana hiyo ni Whitefriars ya Uingereza, wa tatu akasema Blenko ya Marekani, na wote watatu walikuwa wameangalia picha ileile moja ya juu, na wote hawakuwa na shaka. Iliniuma kwa kweli, kwa sababu niligundua hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitako chake kikoje.

Kwa hiyo nikaanza upya peke yangu, na kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni kwamba viputo, ambavyo ndivyo vinavyolifanya bakuli lipendeze, ndivyo vinavyosema kidogo zaidi kuhusu nani alitengeneza. Karibu kila nchi yenye historia ya kioo cha sanaa imetengeneza vyombo vya viputo. Italia, Uingereza, Uskoti, Ufaransa, Uswidi, Ufini, Ucheki, Ujerumani, Marekani, wote. Ukisema "kina viputo" hujasema kitu bado. Lakini *aina* ya kiputo, hapo ndipo maneno yanaanza.

Nilinunua lenzi ndogo ya kukuzia mara 10, ile ya mafundi wa vito, nikakaa nalo dirishani mchana mzima. Ukiangalia kwa karibu unaona viputo vya bakuli langu vyote viko kwenye kina kimoja. Sio kwamba kimoja kiko juu kingine chini, hapana, vyote vimekaa pale pale ambapo kioo cha kijani cha ndani kinakutana na kioo cheupe kisicho na rangi cha nje, ukiligeuza ubavu unaona kabisa kama utepe mwembamba wa viputo katikati ya matabaka mawili. Kule chini karibu na kitako ni vya duara kabisa na vimebanana, ukipanda juu vinaanza kuachana, na vikifika karibu na mdomo vimevutika vimekuwa virefu kama mbegu. Na mstari mmoja ukiufuata kwa kidole hauendi juu wima, unapinda kidogo kuelekea kulia. Nikahesabu mistari, nikarudia mara tatu, ni 16.

Hiyo yote ina maana, na ukijua inavyotengenezwa utaona ni kama kusoma. Mpuliza kioo anachota donge la kioo kilichoyeyuka kwenye ncha ya bomba lake, analisukuma ndani ya kalibu ya chuma yenye miiba midogo midogo iliyopangwa kwa safu. Ile miiba inaacha vishimo juu ya donge. Akilitoa anakwenda kulichovya tena kwenye tanuru, linajivika tabaka jipya la kioo, na kwa kuwa kioo kile ni kizito kama asali nzito hakiwahi kuingia ndani ya vishimo, kinavifunika tu juu, hewa inabaki imenaswa. Kila kishimo kinakuwa kiputo. Akipuliza, bakuli linatanuka na viputo vinavutika nalo, ndio maana vya mdomoni vimerefuka na vya kitakoni vimebaki duara, kule chini hakukutanuka sana. Na akizungusha donge kidogo kabla ya kupuliza, mistari inapinda. Kwa hiyo huo mpindo wa kulia ni mkono wa mtu. Hapo nilikaa kimya kidogo.

Kwa Kiitaliano namna hii wanaiita bullicante, na ukitafuta vitu hivi utakutana na hilo neno kila mahali, mimi nitaandika tu bulikante. Lakini tahadhari, watu wanalitumia neno hilo kama vile ni jina la kiwanda. Si jina la kiwanda. Ni namna ya kufanya kazi, na Waingereza na Wamarekani walifanya vilevile kabisa.

Kuna njia nyingine ambayo haina kalibu ya miiba. Unanyunyiza kemikali juu ya kioo cha moto, mfano soda, unakifunika na tabaka jingine, ile soda inatoa gesi na gesi inakuwa viputo. Hivyo havina mistari, vimetawanyika, vingine vikubwa vingine vidogo sana kama vumbi. Kiwanda cha Biot kule kusini mwa Ufaransa, kilichoanzishwa na Éloi Monod mwaka 1956, ndicho kilichojijengea jina kwa viputo vya namna hii, na vitu vyao vingi vimechongwa neno Biot chini. Na hata kabla yao, mwishoni mwa miaka ya 1920, Napoleone Martinuzzi akiwa Venini alitoa kioo walichokiita pulegoso, kimejaa viputo vya kila ukubwa mpaka kioo kinaonekana kama povu lililoganda, mwanga haupiti vizuri, hata ngozi yake ya juu ina vishimo. Ukikiona mara moja hutakichanganya tena na kingine.

Na aina ya tatu ni viputo vya bahati, gesi tu iliyobaki kwenye kioo kwa sababu hakikuyeyushwa kwa moto wa kutosha au kwa muda wa kutosha. Vyombo vingi vya kioo kilichoyeyushwa upya kutoka kwenye chupa vina viputo hivi na vinapendeza sana, ila wengine wanaviuza kwa majina makubwa ambayo si yao.

Basi, langu ni la kalibu ya miiba. Hapo Biot wakatoka, pulegoso ikatoka. Tukageuza bakuli.

Naomba nikae hapa kwenye kitako kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya mahali popote. Bakuli likishapulizwa, ili fundi aweze kufanyia kazi mdomo, anabandika fimbo ya chuma kule chini, halafu analikata kutoka kwenye bomba. Akimaliza anaigonga ile fimbo inaachia, na pale ilipokuwa panabaki kovu. Sasa kila kiwanda kina tabia yake juu ya lile kovu. Wengine wanaliacha hivyo hivyo, ukipitisha kidole linakwaruza, Blenko wa Milton, West Virginia, vitu vyao vingi viko hivyo. Wengine wanalisaga kwa gurudumu mpaka panakuwa shimo dogo la duara, laini, linang'aa kama lenzi. Wengine wanasaga kitako chote kikawa bapa. Wengine wanaliyeyusha tena kwa moto likalainika. La kwangu limesagwa kitako chote, bapa kabisa, kimeng'arishwa, na pembeni pale ubapa unapokutana na ubavu kuna ukingo mkali kidogo unausikia kwa kucha. Hakuna jina. Hakuna namba.

Nikajaribu na pumzi. Hii nilifundishwa na mzee mmoja mkusanyaji na naipenda sana kwa urahisi wake. Unalisafisha kitako kwa maji na sabuni, unalikausha, halafu unalipulizia pumzi ya joto kama unavyosafisha miwani, na papo hapo unaangalia kwa mwanga wa ubavuni. Mihuri mingi ya zamani ilipigwa kwa asidi, na miaka mingi ya kusuguliwa juu ya meza inaifuta mpaka jicho haliioni, ila mvuke bado unaiona, kwa sababu mahali asidi ilipopita mvuke unatua tofauti. Venini walikuwa na muhuri wa namna hii, maneno venini murano na mengine yenye Italia chini yake, na watu wameishi na vitu hivyo miaka bila kujua muhuri upo. Nikapuliza mara tano, mara kumi, nimegeuza taa kila upande. Hakuna muhuri. Ila kulitokea kitu kingine, umbo la yai, dogo, upande mmoja wa kitako, sehemu ambayo mvuke ulikuwa haukai sawa. Kivuli cha gundi. Kulikuwa na lebo pale.

Na hili la lebo inabidi lieleweke, manake wengi wakiona chombo hakina jina wanasema basi ni feki au ni cha hovyo. Hapana. Viwanda vingi vikubwa vilitegemea karatasi tu. Whitefriars hawakuwa na kawaida ya kuchonga jina kwenye kioo, walibandika lebo yenye picha ya mtawa mweupe, ikitoka imetoka. Blenko nao walikuwa na stika yenye umbo la mkono, na ni kwa miaka michache tu, kama 1958 hadi 1961, waliweka jina lao kwenye kioo chenyewe. Kisiwa cha Murano nacho, ambako wapuliza vioo wa Venice walihamishiwa kwa amri mwaka 1291 kwa kuogopa matanuru yao yataunguza mji, kimekuwa na matanuru mengi makubwa na madogo kwa wakati mmoja, na vitu vingi vilivyokwenda nje vilibandikwa lebo ya jumla tu ya kusema ni kioo cha Murano kilichotengenezwa Italia, bila jina la kiwanda. Marekani tangu 1891 bidhaa zilizoingia zilitakiwa zioneshe nchi zilikotoka, na karatasi ilitosha kwa hilo. Kwa hiyo mtu akaosha bakuli mara mbili tatu, historia yote ikaenda na maji.

Kinyume chake, ukikuta saini, usifurahi haraka. Kuna watu wanachonga majina makubwa kwa kile kimashine cha mkono kwenye vyombo ambavyo havikuwahi kuwa na saini. Chukua lenzi uangalie mikwaruzo ya kitako. Chombo kilichokaa juu ya meza miaka 50 kina mikwaruzo midogo midogo inayoelekea kila upande, mingi kwenye ule ukingo unaogusa meza. Kama saini ni ya zamani, mikwaruzo inapita *juu* ya herufi. Kama saini ndiyo imeikata mikwaruzo, saini imekuja baadaye. Na mikwaruzo ikiwa yote inaelekea upande mmoja ujue mtu alikisugua na msasa ili kizeeke. Langu lina mikwaruzo ya kila upande, na mingi zaidi upande mmoja wa ukingo kwa sababu shangazi alikuwa analivuta kila akifagia vumbi badala ya kuliinua, nakumbuka hata sauti yake.

Baada ya hapo nikalipima. Hii watu wengi hawaifanyi na sijui kwa nini, ni ya nusu saa tu. Kioo cha risasi, yaani kilichochanganywa na madini ya risasi, ni kizito kuliko kioo cha soda, kile cha kawaida, kwa ukubwa uleule, cha soda uzito wake ni kama mara 2.5 ya maji, cha risasi nyingi kinafika mara 3 na zaidi. Nikalipima bakuli kavu kwenye mizani ya jikoni, gramu 1,640. Halafu nikaweka ndoo ya maji juu ya mizani, nikairudisha mizani kwenye sifuri, nikalifunga bakuli kwa kamba laini nikalizamisha lote nikiwa nimelishikilia kwa kamba, lisiguse chini wala pembeni, na nikaligeuzageuza lisibaki na hewa tumboni. Mizani ikasoma 652. Hiyo ndiyo gramu ya maji yaliyosukumwa. Unagawa 1,640 kwa 652 unapata 2.5 na nukta kidogo. Lingekuwa la risasi nyingi mizani ingesoma chini ya 550. Viputo vinapunguza uzito kidogo, hilo nililifikiria, lakini haviwezi kuiondoa 3 kuifikisha 2.5, ni vidogo mno.

Kwa hiyo ni kioo cha soda. Murano kwa karne nyingi kazi yao ni kioo cha soda, kwa sababu kinabaki laini muda mrefu mkononi mwa fundi na kinakubali kuvutwa na kukunjwa. Whitefriars walifanya sana kazi na kioo cha risasi, na bakuli zao za viputo ndizo zinazofanana zaidi na langu kwa macho, viputo vimepangwa vizuri sana, ukuta mnene, kitako kimesagwa. Nilizishika mbili kwa mkono wangu. Uzito wake unausikia kabla hujaziangalia. Hiki kipimo pekee yake hakifuti jina, maana kiwanda kimoja kinaweza kuwa na mchanganyiko zaidi ya mmoja, ila kilinipunguzia sana upande wa Wealdstone, kule Whitefriars walikohamia mwaka 1923 na kufunga 1980.

Nikawasha na taa ya UV gizani, yaani ya mwanga wa urujuanimno, ile ya nanomita 365. Watu wanaipenda sana hii taa, mimi naipenda ila naiamini kwa kiasi. Urani ikiwemo ndani ya kioo inawaka kijani kikali kama umewasha taa ya ndani. Manganizi, ambayo viwanda vingi viliitumia kuondoa rangi chafu kwenye kioo cheupe, inawaka kijani hafifu. Kioo cha risasi mara nyingi kinatoa bluu ya kufifia. Tabaka la nje la bakuli langu likatoa kijani hafifu, la ndani halikutoa kitu. Inakubaliana na yale mengine, basi. Haisemi jina.

Yale majina mengine niliyafuta moja moja na hapa sitakaa sana. Erickson wa Bremen, Ohio, waliofanya kazi 1943 hadi 1961, viputo vyao vya kupangwa wanaviweka zaidi kwenye kitako kinene cheupe, juu yake ndio chombo cha rangi, kwangu viputo vinapanda mpaka mdomoni. Blenko, kovu. Gunnel Nyman wa Ufini, aliyefariki 1948, viputo vyake kule Nuutajärvi ni vidogo kama uzi wa lulu, na jina linachongwa chini. Erik Höglund, aliyeanza Boda ya Uswidi mwaka 1953, kioo chake ni kizito chenye viputo vya kutawanyika, kingine kabisa. Monart wa Perth, Uskoti, viputo vipo ila vimechanganyika na unga wa rangi uliozungushwa, huwezi kukosea. Orrefors wa Uswidi na ile kazi yao ya Ariel ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, pale hewa inanaswa kwa umbo, mtu au ndege au maandishi, sio vidoti, na saini lazima. Wacheki ndio walionipa shida, maana Škrdlovice walifanya vioo vinene vya viputo vizuri sana na vingi havina jina, nikakaa nao wiki mbili nikilinganisha picha za vitako, lakini bakuli zao nilizoweza kuziona rangi imetawanyika kwenye unene wote, hazina huo mpaka mkali kati ya kijani na cheupe.

Na huo mpaka ndio mwisho wa hoja yangu. Kuzamisha rangi moja ndani ya tabaka jingine nene lisilo na rangi, wanaita somerso, yaani kilichozamishwa, ilikuja kushika Murano miaka ya 1930, Carlo Scarpa akiwa Venini alikuwa mmoja wa walioianzisha na kuichanganya na viputo, halafu baada ya vita ikaenea kisiwa kizima. Archimede Seguso alifungua tanuru lake mwenyewe 1946, Alfredo Barbini 1950, Barovier & Toso walikuwepo, Fratelli Toso walikuwepo, na wote hao wametoa bakuli zenye viputo vya kupangwa na matabaka mawili. Mafundi walikuwa wanahama kutoka tanuru moja kwenda jingine, ndugu anafanya huku na ndugu yake kule, kalibu zinafanana. Mdomo wa langu umekunjwa kuelekea ndani sehemu mbili zinazotazamana, kama mtu alibana kwa vidole, na huo mkunjo nimeuona kwenye bakuli zenye lebo za matanuru matatu tofauti.

Kwa hiyo naweza kusema Murano. Naweza kusema miaka ya 1950 au 1960, kwa mikwaruzo na kwa umri wa urafiki wa shangazi na yule aliyempa. Venini siwezi kusema, hakuna muhuri, na kwa kweli hilo jina halikuwahi kutoka kwenye bakuli, lilitoka kwa mtu aliyeangalia picha. Mwanzoni kuliachia jina lile kulinisumbua. Sasa hivi nasumbuliwa zaidi nikiona mtu mwingine ameandikiwa Venini kwenye bakuli lenye mdomo kama wa hili, kwa sababu kila jina la uongo linalobandikwa linamfuta fundi fulani mwingine ambaye alifanya kazi ileile kwenye tanuru lisilo na jina kubwa, na mikono yake ndiyo iliyopindisha ile mistari kulia.

Kilichobaki ni kile kivuli cha gundi. Nimekipima, upana milimita 22, urefu 14, kiko karibu na ukingo, hakiko katikati. Nimekichora kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, na kila ninapopata picha ya bakuli la Murano ambalo bado lina lebo yake nalinganisha umbo, yai au duara au pembe nne, na mahali ilipobandikwa. Mpaka sasa umbo la yai la ukubwa huo nimelipata kwenye vyombo vya viwanda viwili, mmoja alibandika katikati kila mara, mwingine picha zake ni mbili tu na zote kitako kimekatwa na fremu. Yule mzee aliyenifundisha pumzi ana moja la kiwanda hicho cha pili, limefungwa kwenye sanduku tangu alipohama, ameniahidi akilifungua atalipiga picha chini.

Nimeandika kadi ndogo nimeiweka chini ya bakuli, kwa wino: kioo cha soda, matabaka mawili, viputo vya kalibu mistari 16, kitako kimesagwa, Murano, 1950 hadi 1970, lilikuwa la shangazi. Mstari wa mwisho nimeandika kiwanda, nukta mbili, na hapo nimeweka penseli tu pembeni. Bakuli limerudi dirishani, na sasa nikifuta vumbi naliinua kwa mikono miwili.